Namba za Mkaa Ukutani

Jikoni kwa mama yangu, kijijini Msangano, kuna ukuta wenye namba za simu. Aliziandika mwenyewe kwa mkaa, kubwakubwa, moja chini ya nyingine, upande wa kushoto wa mlango ambako moshi haufiki sana. Mama hasomi barua, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi, maana ameuza ufuta maisha yake yote na hakuna mnunuzi aliyewahi kumchezea mizani akafanikiwa. Namba zote hizo zilikuwa za mtu mmoja, kaka yangu. Kila alipopiga simu ilionekana namba nyingine, na kila namba mama aliiandika. Alikuwa anakusanya ushahidi kwamba mwanawe anamdanganya.

Mimi nilijua kwamba hadanganyi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nilijua kwa nini namba zinabadilika. Sikusema. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajipamba.

Kazi yangu ilikuwa kusajili laini za simu. Tunduma miaka hiyo ilikuwa imechanua miavuli kila kona, ya kila rangi na kila kampuni, na chini ya kila mwavuli alikaa kijana mwenye kamashine ka kusoma vidole. Tuliitwa mafrilansa, jina la kikubwa kwa watu waliokuwa wanashinda juani. Mwavuli wangu ulikuwa karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Pale simu inakukaribisha Zambia wakati hujainuka hata kwenye kiti, kwa sababu mtandao wa wenzetu hauulizi pasi ya kusafiria. Madereva walinunua laini, wauza kuku walinunua laini, kila mtu alitaka bando.

Kulikuwa na mbinu moja ambayo kila aliyekaa chini ya miavuli ile aliijua. Mteja anaweka kidole, laini yake inakubali, halafu unamwambia, "Weka tena, haijasoma." Anaweka tena. Hapo umeshasajili laini ya pili kwa jina lake, laini ambayo hataiona wala hataisikia. Ukiwa na roho ngumu unamwambia hivyo mara tatu au nne.

Kwetu wilayani Momba mbinu hiyo ilikuwa rahisi kupita kiasi, kwa sababu vidole vya wazee wetu kweli havisomi. Jembe limevilainisha. Ukimwambia mzee wa Msangano kwamba kidole chake kimekataa, hashangai hata kidogo, anakutazama kwa masikitiko kama aliyekuletea kazi. Mnara ulipojengwa kule na watu wakaacha kupanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, nilikwenda na mashine yangu kuwasajili uani kwetu. Mama mkubwa alikuja, baba wadogo wakaja, na majirani wote walionibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa fahari, binti yake kaleta mtandao kijijini. Nilipomwambia, "Weka tena mama, haijasoma," alikipangusa kidole kwenye kanga yake na akaniomba radhi kwa kunichelewesha.

Nilimwambia hivyo mara nne.

Laini zile nilimuuzia mtu mmoja aliyepanga vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Alikuwa mpole, mtu wa shati lililofungwa vifungo vyote, na hakupenda kelele. Siku moja nilimuuliza anafanya nini na laini zote hizo, naye akanifungulia chumba cha ndani. Mezani kulikuwa na sanduku jeusi lenye antena fupi nyingi na vitaa vinavyokonyeza. Ubavuni mwake kulikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na laini. Chumba kilikuwa na joto na feni ilikuwa inahangaika.

Akanieleza kwa upole wake. Mtu yuko Sauzi, Afrika Kusini huko, anataka kuongea na nyumbani. Akipiga simu kwa njia ya kawaida anakamuliwa mpaka basi. Sasa ananunua kadi ya bei chee kwenye duka la mtaani kwao. Akipiga kwa kadi ile, sauti yake inasafiri kwa intaneti hadi kwenye sanduku kama hili, na sanduku linapiga upya kwa laini ya hapa hapa. Anayepigiwa anaona namba ya Tanzania. Kampuni ya simu haipati chake, serikali haipati chake, na wawili hao wanaongea.

"Ni kosa?" nikamuuliza.

"Kwa mamlaka ni kosa," akasema. "Lakini nani anaumia?"

Nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Kaka yangu alikuwa Sauzi. Aliondoka kwa lori kupitia Nakonde, akapiga kazi za ujenzi, na kila mwezi alimpigia mama. Kwa muda mrefu simu zake zilikuja na namba ndefu yenye alama ya kujumlisha mbele. Mama aliizoea alama ile, aliiita msalaba. Simu yenyewe ilikuwa kitochi kidogo, aliining'iniza ndani ya kifuko cha kitambaa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, na ikilia aliikimbilia hata kama mikono ina unga.

Kisha kaka naye akagundua kadi za bei chee. Msalaba ukatoweka.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Wanaume wanaokwenda Sauzi si wote wanaorudi vizuri. Wengine wanarudishwa mikono mitupu, na mtu wa namna hiyo haoni ni vipi ataingia kijijini mchana watu wakimtazama. Basi anaishia Tunduma. Anapanga chumba, anapakua mizigo ya malori, na kila mwisho wa mwezi anapiga simu nyumbani kusema kwamba Sauzi mwaka huu baridi ni kali. Mtoto wa jirani yetu alifanya hivyo miaka miwili, safari ya nusu siku kutoka kwa mama yake. Walimjua siku alipogongwa na bodaboda akaletwa nyumbani amefungwa plasta, mguuni ana ndala za Tunduma. Mama yake hakuwahi kusimama vizuri kanisani tena.

Kwa hiyo mama yangu alipoona namba inayoanza na sifuri, kama yake, na sauti ya mwanawe ikasema niko Sauzi, hakuhitaji kufikiri sana.

"Kaka yako yuko Tunduma," aliniambia kwa simu. "Amerudi, anajificha."

"Mama, nani kakwambia?"

"Namba imeniambia. Nimeipigia mimi mwenyewe, inaita, hapokei. Nimepiga jana, nimepiga leo. Anaogopa kupokea kwa sababu nitasikia honi za malori."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi tatu zingetosha: mama, kuna sanduku, sanduku linabadilisha namba, mwanao yuko Sauzi kweli. Lakini sentensi ya nne ingekuwa yake, wewe unajuaje, na ya tano ingekuwa laini hizo umezitoa wapi. Nikamwambia labda mtandao una matatizo. Akasema mtandao unakata simu, haumhamishi mtu nchi. Nakumbuka nilicheka, kicheko cha woga, na yeye akadhani namdharau.

Mwezi uliofuata, baada ya namba nyingine mbili kuandikwa ukutani, alikuja Tunduma kumtafuta. Alishuka kwenye gari asubuhi akiwa na kanga mpya, amebeba kuku na picha ya kaka ya siku ya kipaimara. Nilifunga mwavuli tukaanza kuzunguka. Tulipita foleni yote ya malori, mama akiinua picha kwa kila dereva. Wazambia walimjibu kwa heshima, "Awe, mayo," yaani hapana, mama, na mmoja akampa chupa ya maji. Tulikwenda kwa wapakuzi wa mizigo, kwa mama lishe, kwa mawakala wa forodha ambao hata hawakuinua macho. Jua lilikuwa linachoma na vumbi la malori limetukaa puani. Alichechemea, na hakukubali kupumzika.

Mimi nilitembea pembeni yake saa zote zile nikimsaidia kumtafuta mtu niliyejua hayupo. Nilimshikia kuku. Hata niliwauliza watu maswali, tena kwa bidii. Katika mambo yote niliyofanya maishani hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Mbadilisha fedha mmoja akaitazama picha akasema, "Huyu kama nimemuona. Wiki jana, pale kwenye mchele." Alisema tu, labda kumfurahisha bibi wa watu. Mama alishika mkono wake akamshukuru machozi yakimlengalenga, akampa kuku.

Nikaona sasa nimpe dawa bila kukiri. Nilimkalisha kwenye benchi la mgahawa, nikampigia kaka kwa intaneti kwenye simu yangu kubwa, simu ya picha, ili amwone. Mtandao ulikuwa mzito. Kaka alitokea, amekonda, akatabasamu, akasema, "Shikamoo mama," kisha picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mabati yenye kutu. Mama aliisogelea ile picha iliyoganda akaitazama kwa muda.

"Hayo mabati ni ya hapa," akasema.

"Mama, hiyo ni Sauzi."

"Nimepita leo nyumba mia zina mabati hayo hayo. Mwambie mama yake si mjinga."

Picha ilipofunguka alimsemesha mwenyewe, kwa Kinamwanga, lugha yetu, sauti ya chini, ili wahudumu wasisikie. Alimwambia asimpigie tena simu mpaka siku atakayosimama mlangoni kwake. Alimwambia hata akija bila viatu atampokea, ila uongo hataki. Kaka alikuwa anasema, "Mama, mama, nisikilize," na mama akanirudishia simu ikiwa bado inaongea.

Jioni ile kaka alinitumia ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, mama ana nini? Kwa nini anasema niko Tunduma?" Alikuwa anakohoa katikati ya maneno. Nilimjibu kwamba mama amechoka, uzee, atapoa tu. Akasema basi atamheshimu, hatapiga. Atakusanya nauli aje asimame mlangoni kama alivyotaka. Nikamwambia ni wazo zuri.

Hakupiga tena. Mama alibaki na kifuko chake kwenye msumari. Niliambiwa na mama mkubwa kwamba alikuwa anakaa na kazi zake hapo mlangoni, kuchambua mchele, kumenya karanga, ingawa mwanga ulikuwa mzuri zaidi uani. Alikuwa amemkataza asipige, na alikuwa anasubiri apige.

Kisha laini za Msangano zikaanza kufa. Ya mama ilikuwa mojawapo. Siku moja iliamka haina mtandao, na mama akadhani ni mnara. Alisubiri mnara utengenezwe. Mimi Tunduma nilikuwa nimeshasikia kwamba vyumba vya nyuma ya ghala la saruji vimevunjwa mlango na polisi na watu wa mamlaka, kwamba sanduku limechukuliwa, laini zote za majina yale zimefungiwa, na yule mpole amevuka mpaka kabla ya hapo. Niliendelea kukaa chini ya mwavuli nikijiambia hawatanifikia. Walinifikia. Kila laini iliyosajiliwa ina namba ya aliyeisajili, na zile zote zilikuwa na yangu.

Hawakunipiga wala kunitukana. Walinipakia kwenye gari lao tukaenda Msangano, hadi ofisi ya kata, ambako watendaji walikuwa wamewaita wote ambao vidole vyao vilionekana kwenye laini zile. Nilishuka mbele yao. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, mama mkubwa, baba wadogo, majirani, wamevaa nguo za kanisani kwa sababu waliitwa na serikali. Mama alisimama aliponiona, akadhani nimekuja kuwasaidia.

Ofisa aliyeongea alikuwa kijana mwenye subira. Aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba simu za nje zilikuwa zinaingizwa nchini kwa mlango wa nyuma, kupitia laini zilizosajiliwa kwa majina yao, na kwamba zilipofika zilionekana kama zimepigwa hapa hapa. Wazee walitikisa vichwa bila kuelewa. Mama aliinua mkono.

"Baba, samahani. Unasema mtu akiwa Sauzi, simu yake inaweza kuonekana ya hapa?"

"Ndiyo, mama. Ndicho walichokuwa wanafanya."

Mama akashusha mkono. Wakaanza kusomewa, mmoja mmoja, namba zilizo kwa majina yao, ili waseme kama wanazitambua. Alipofikiwa mama, ofisa akasoma ya kwanza, ambayo ni ya kwake, kisha ya pili, ya tatu.

"Rudia hiyo," mama akasema.

Akarudia, na katikati mama akaipokea, akaimalizia mwenyewe kwa kichwa mpaka tarakimu ya mwisho.

"Unaitambua, mama?"

"Iko ukutani kwangu. Mwanangu alinipigia kwa hiyo. Nami nimeipigia siku nyingi, haipokelewi."

"Iko kwa jina lako," ofisa akasema, na hata yeye alishusha karatasi. "Ni laini yako."

Mama alikitazama kidole chake. Kisha akanitazama mimi. Hakuna mtu aliyemwelekeza. Aliiona siku ile ya uani yote, naona, na siku ya Tunduma na kuku, na benchi la mgahawa. Ofisa akamuuliza ni nani aliyemsajili. Baba mdogo alikuwa ameshaninyooshea kidole, wengine wananung'unika jina langu. Mama akasema, "Sikumbuki." Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akidanganya.

Halafu akaniambia, "Mpigie."

Simu yangu ilikuwa kwa ofisa. Aliniangalia, akamwangalia mama, akanipa. Pale chini ya mnara mtandao ulikuwa safi. Nilipiga kwa intaneti, nikaweka sauti kubwa ili mama asikie, ikaita mara nyingi. Alipokea mwanaume mwingine, Mkongo, kwa lafudhi yake. Nikamuomba mwenye simu.

"Wewe ni dada yake?" akauliza. "Pole, dada. Alikufa. Ni kifua. Tulishamuzika, ni mwezi sasa. Simu yake ina namba ya siri, hatukuweza kuifungua. Tulipiga ile namba ya mama yake, iliandikwa kwa kitabu chake, tukapiga, tukapiga. Haikuwa inapatikana."

Yeye, kwa wema wake, akaongeza kwamba marehemu alikuwa amebakiza kidogo tu kutimiza nauli. Alikuwa anawaambia kila siku kwamba ana mlango wa kwenda kusimama.

Mama alisikia neno kwa neno. Alikaa chini kwenye nyasi na nguo zake za kanisani, akavua kitambaa cha kichwani, na mama mkubwa akaanza kulia kwa niaba yake.

Nilikaa mahabusu, kesi ikasomwa, nikapewa kifungo cha nje. Nilifagia uwanja wa zahanati kwa miezi kadhaa, wagonjwa wakinitazama, kisha nikarudi kuishi na mama. Hakunifukuza. Ananipikia, ninamlimia. Nilimwambia kila kitu siku ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti hapo jikoni, na alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nimekula. Nilipotaka kukandika ukuta upya kwa udongo kabla ya mvua, aliniambia niuache upande wa kushoto wa mlango.

Msimu huu mtendaji alipita akisema mbolea ya ruzuku haitolewi bila namba ya simu. Mama hana simu tangu siku ile. Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akakubali twende sokoni kusajili laini mpya. Binti aliyekaa chini ya mwavuli alikuwa mgeni, mchangamfu, alimwamkia mama vizuri akamshika mkono kwa upole. Mama akaweka kidole. Mashine ikalia.

"Weka tena bibi," binti akasema. "Haijasoma."

Inawezekana kweli haikusoma. Vidole vyake vimelainika, nimeshasema. Lakini mama aliurudisha mkono wake, akakipangusa kidole kwenye kanga taratibu kama siku ile, na safari hii hakuomba radhi. Hakumtazama yule binti, alinitazama mimi.

"Twende nyumbani," akasema. "Wa kunipigia hayupo."

Tukarudi bila laini. Mahindi ya mwaka huu tumeyapanda bila mbolea.